Hedifoni, Jogoo na Kinywa Changu

Mimi ni mama wa babu yangu. Usicheke kwanza, naeleza. Nilipozaliwa nilipewa jina la marehemu mama yake, na kwetu ukipewa jina la mtu unapewa na cheo chake. Kwa hiyo babu, mzee mwenye mvi mpaka ndani ya masikio, ananiita mama. Nikiingia ananipa kiti. Nikimwambia, "Mwanangu, vaa sweta, kuna baridi," anavaa. Mama yangu mzazi, ambaye ni binti yake, siku moja alikaa akapiga hesabu ya ukoo akagundua kwamba mimi kumbe ni bibi yake.

"Sawa," akasema. "Bibi, vyombo vile pale."

Tunakaa Kitaji, Musoma. Mama anauza dagaa sokoni, na simu yake ndiyo ofisi yangu. Nikirudi shule, nikishavua sare, naichukua, nacheza magemu, halafu narekodi video ya kusema gemu lipi linafaa na lipi ni ugonjwa. Anayenirekodi ni binamu yangu wa Suguti, mtoto wa mjomba, ambaye anaishi kwetu kwa sababu ya shule na kwa sababu ya mapishi ya mama. Hatuna taa wala nini. Tunarekodi mlangoni, jua likiwa upande wa kwa jirani. Katikati ya video simu inaita, mteja anataka dagaa, napokea, napanga bei, narudi kwenye gemu. Watazamaji wanapenda hapo kuliko sehemu nyingine yoyote. Kuna mtu aliandika kwamba anangojaga dagaa tu, magemu hana habari nayo.

Kila video nilikuwa naimaliza kwa maneno yaleyale: "Sijalipwa, nimechoka tu." Yalianza kama utani, siku moja nilikuwa nimechoka kweli. Yakashika. Shuleni nikiinuliwa kujibu swali la Hisabati, darasa zima linanimalizia: "Hajalipwa, kachoka tu." Mwalimu mwenyewe alishayasema mara moja, halafu akajifanya anakohoa.

Basi kampuni moja ndogo ya vijana wa Mwanza wanaotengeneza magemu ya simu wakaniandikia. "Dada, tunakufuatilia, unatuvunja mbavu. Tuna gemu jipya la uvuvi wa ziwani. Tunakutumia zawadi kidogo. Hakuna sharti lolote, sema kutoka moyoni." Mwishoni wakaweka kikatuni kinachocheka meno yote nje.

Boksi likaja na basi. Binamu alilipokea stendi akalibeba kichwani, akapita njia ndefu ya kuzunguka ili Kitaji nzima ione. Ndani kulikuwa na fulana yenye samaki kifuani, kikombe, stika, na hedifoni. Hedifoni zenyewe sasa! Kubwa, nyeusi, za waya, zenye sponji nene kama maandazi mawili. Ukizivaa dunia inazimwa. Nilizivaa, nikamwona mama anachezesha midomo, nikazivua.

"...kabla hajasema shida yake," alikuwa anamalizia.

"Nini, mama?"

"Nimesema, mtu akikuletea soda kabla hajasema shida yake, usiinywe haraka."

"Soda ikikaa inaisha gesi, shangazi," alisema binamu. Alikuwa ameshaivaa fulana. Hajaivua mpaka leo, ninavyoandika, isipokuwa ikifuliwa, na hapo anakaa kifua wazi kuilinda kwenye kamba.

Jumamosi yake tukaenda Butiama kwa babu, nikabeba hedifoni za kuringia. Inabidi nieleze kuhusu masikio ya babu. Hayakuondoka siku moja. Yaliondoka kama wageni wa msiba, mmoja mmoja, bila kuaga. Kwanza redio ikawa ya kupigwa makofi. Halafu kanisani akahama benchi, akaenda kukaa karibu na ngoma ya kwaya, akiweka kiganja kwenye mbao za benchi ili mdundo umpande mkononi. Mwisho simu. Ukimpigia anapokea, "Haloo! Haloo! Hawa watu hawasemi!" anakata. Simu yake ya kitochi ikawa ya kuangalizia saa. Mambo ya kuongea naye ana kwa ana tulijifunza kuyafupisha, kwa sababu kila neno lazima ulipigie kelele, na huwezi kumpigia mzee kelele kwa sentensi ndefu.

Kilichomuuma hasa alikuwa bibi. Bibi alishatutangulia. Alikuwa mwanzishaji wa nyimbo kwenye kwaya, yule anayeanza peke yake halafu wengine wanaingia, na nyimbo zao mama alizirekodi kwa simu zamani. Babu alijua zipo. Alishajaribu kuweka simu sikioni, akaweka na nyingine, akanirudishia akasema, "Bibi yenu ananinong'oneza siku hizi. Zamani hakuwa mtu wa kunong'ona." Tukacheka wote.

Sasa siku hiyo wazo letu lilikuwa la kijinga kabisa: tumvalishe babu hedifoni tumpige picha kama DJ. Binamu ni fundi wa kuhamisha nyimbo, akaiweka kadi yenye nyimbo za kwaya kwenye kitochi cha babu, akachomeka waya, nikamvalisha babu yale maandazi mawili, nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Babu alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso kwa zizi. Alitulia. Halafu akageuka nyuma, akaangalia mlango wa jikoni. Aliuangalia kama mtu aliyeitwa kula.

"YUPO!" alisema, kwa sauti ya kushtua ng'ombe, maana aliyevaa vitu vile hajui anapiga kelele kiasi gani. "ANAANZA ILE YA MAVUNO!"

Kidole chake kikaanza kugonga goti. Baadaye na mguu. Binamu alikuwa ameshika simu tayari kwa picha, akasahau kupiga. Nilimwangalia nimseme, nikaona yeye mwenyewe anajifuta pua na fulana ya zawadi, nikamwacha.

Jioni wakati wa kuondoka babu alizivua, akazikunja waya vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili. Halafu akauliza, akiangalia pembeni, "Mama, utaniletea tena?"

Nani anaweza kuondoka nazo? Mama gani anamnyang'anya mtoto kitu kilichomnyamazisha? Nikamrudishia. Nikarudi Musoma bila hedifoni, najiona mtakatifu.

Kuanzia hapo babu akawa mtu wa simu. Kumbe zile hedifoni zinafanya kazi hata kwenye kupiga! Kila jioni simu ya mama inaita, tunajua ni yeye.

"Mama, umekula?"

"Nimekula, mwanangu. Wewe je?"

"Nimekula. Kile kindama kimeanza kula majani."

"Kichunge."

"Ndiyo mama."

Alikuwa hana jambo. Alikuwa anapigapiga tu, kama mtoto aliyepewa kengele. Mama yangu naye akawa anamaliza kusafisha dagaa mapema ili amkute babu kwenye simu, wanaongea mpaka salio la mzee linakata, tena mambo ya zamani kabisa, ya nani alimwibia nani shambani. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama anaitika "Baba?" kwa sauti ile. Sauti ya msichana.

Tulikisahau kilichotuletea hayo. Gemu.

Nikalicheza. Jamani. Kwenye gemu hilo wewe ni mvuvi, una mtumbwi na nyavu, unavua. Mpaka hapo ni pazuri. Tena sato wake amechorwa vizuri ajabu, magamba yanameta, anakugeukia kama anakujua. Lakini ukivua kidogo mafuta ya mashine yanaisha, na ili upewe mafuta unalazimishwa kuangalia matangazo, na matangazo yanakula bando kuliko sangara anavyokula furu, samaki wenzake wadogo. Ukimaliza matangazo, wavu umetoboka. Kuziba wavu, matangazo tena. Halafu, bila aibu, kwenye ziwa letu, maji baridi haya tunayokunywa, anatokea papa. Papa! Anakula mtumbwi. Nilimwonyesha jirani yetu, mvuvi anayetokea Bukima, akaitazama simu kwa heshima, akasema, "Huyu mimi nimekaa ziwani maisha yangu yote hajanisalimia."

Hilo la papa lingekuwa kicheko tu. Tatizo lilikuwa watoto. Watoto wa mtaa wananifuata. Nikisema gemu linafaa, wanalipakua kwenye simu za mama zao, na bando la mama wa Kitaji si la kuchezea, ndilo la kuulizia bei, ndilo la kupigia watu. Mtoto wa nyumba ya pili alikuwa ameshalipakua hata kabla ya video yangu, kwa kuona fulana ya binamu tu. Mama yake alimtafuta na mwiko.

Kwa gemu kama hilo mimi huwaga sina huruma. Kuna gemu la magari nilishawahi kulisema ni ugali wa jana uliopigwa pasi. Nikakaa mlangoni, binamu akashika simu, nikaanza.

"Gemu hili," nikasema, "lina... lina changamoto zake."

Binamu akashusha simu. "Rudia."

"Gemu hili lina mazuri na lina maeneo ya kuboresha."

"Mbona unaongea kama diwani?"

Tukarudia. Nikasema kwamba wavuvi wanaweza kujifunza uvumilivu. Tukarudia. Nikasema papa ni ubunifu. Binamu alicheka mpaka akaangusha simu ya mama. Mimi sikucheka. Nilijisikia kama mdomo umewekewa ganzi ya kung'olea jino: unauamuru, unakwenda upande. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia niseme vizuri. Kijana wa kampuni alituma ujumbe mara moja tu, "Dada, video vipi? Hatukuharakishi," na kikatuni chake cha meno. Nilikuwa huru kabisa. Ila kila nilipofungua mdomo kusema neno "baya", nilimwona babu ameangalia mlango wa jikoni.

"Kwani shida nini?" alisema binamu. "Wamesema hakuna sharti. Sema ni baya, babu abaki nazo. Au sema ni zuri, babu abaki nazo. Njia zote babu anabaki nazo."

"Nikisema ni baya halafu tumebaki nazo, si tumewala?"

"Basi sema ni zuri."

"Si itakuwa nimelala nao."

"Toa lugha hiyo, shangazi yupo. Usiseme kitu basi."

Usiseme kitu! Huo nao ni usemi. Watoto walikuwa wanauliza kila siku, vipi lile la samaki, na kunyamaza kwangu kulikuwa kunawajibu. Nikabaki nimekaa na mdomo wangu. Jioni babu akapiga.

"Mama, gemu la wale watu waliotupa masikio umeshalisemea?"

"Bado mwanangu. Naliandaa."

"Zuri?"

"Lina mambo mengi."

Nilisikia kuku wa kwake. "Haya," akasema. "Chunga usichoke."

Wiki ile ikaja habari kwamba kampuni inazunguka na gemu lake mikoani, na Jumamosi watakuwa Bunda, kwenye ukumbi, watoto watacheza bure kwa simu za kampuni yenyewe. Wakanialika mimi kama mgeni. Nikamwambia babu kwenye simu, kwa kuringa tu, sikuwa na maana nyingine. "Na mimi nakuja," akasema. "Kapu la watu halirudi tupu."

Sikuelewa mpaka nilipomwona.

Ukumbini Bunda watoto wamejaa, spika zinapiga muziki, na kijana wa kampuni yuko mbele na maiki. Nilimtegemea mtu wa tai. Kumbe kijana mwembamba, viatu vimeshonwa pembeni, amevaa fulana kama ya binamu. Alinisalimia kwa furaha ya kweli, akaniambia, "Dada, sato yule nimemchora mimi. Nilikaa naye miezi." Nikakosa pa kuweka macho. Ningependa awe mtu mbaya, ingenisaidia sana.

Hapo ndipo babu akaingia. Koti la kanisani, kofia, fimbo. Hedifoni masikioni, waya umeingia mfuko wa koti kwenye kitochi, na kwapani jogoo. Jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kamba, anaangalia watu kama yeye ndiye aliyelipa ukumbi. Watoto wakafungua njia. Babu alikuwa anatembea kwa mdundo, hasikii muziki wa spika, yuko na bibi.

Kijana wa kampuni macho yalimwaka. Nisimlaumu, ndiyo kazi yake. "Huyu ni nani?"

"Ni babu yangu wa Butiama. Hedifoni zenu ziko kwake. Alikuwa hasikii."

"Dada! Hili ndilo tangazo lenyewe!" Akaita mpiga picha wao. "Babu, simama hapa! Babu anasikia tena! Babu, cheka!"

Babu akaona mdomo unachezacheza. Akasogeza hedifoni upande mmoja. "Eeh?"

"CHEKA, BABU!"

"Sijaja kucheka. Nimeleta hiki." Akamnyooshea jogoo. "Mlimpa mama yangu kitu, na yeye akanipa mimi. Kwetu kapu halirudi tupu."

"Mama yako?" Kijana akaangalia mlangoni, kumtafuta bibi kizee wa umri wa kutisha.

"Ni mimi," nikasema. "Usiulize."

Babu hajamkabidhi jogoo bado. Kuna namna ya kufanya mambo. Kwetu unaporudisha kapu unaulizia kazi ya mwenzio kwanza, ng'ombe wake, shamba lake, ndipo unatoa. Babu akatazama simu zilizopangwa mezani, watoto wameinamia, akanigeukia mimi, si kijana.

"Mama, hii kazi yao nzuri?"

Nikasema, chinichini, "Ina changamoto."

"Eeh?"

"Ina maeneo ya kuboresha!"

"Eeh? Nini ya kubebesha?"

Kijana wa kampuni, kwa roho yake nzuri tu, akaninyooshea maiki. "Mwambie kwa maiki dada, asikie vizuri."

Nikaishika. Spika zile kubwa ziligeukia ukumbi mzima. Babu ameinamisha kichwa upande, sikio lililo wazi limeelekea kwangu, kiganja nyuma yake, macho kwenye midomo yangu. Ana imani. Sasa mtu asiyesikia vizuri humpi maneno ya diwani. Yanamfikia vipandevipande, anabaki anatabasamu ili asikusumbue. Nimeona watu wanamfanyia hivyo kanisani, wanamwambia kitu kirefu, anatikisa kichwa, anakaa peke yake na tabasamu lake. Asiyesikia unampa neno fupi. Na neno fupi nililokuwa nalo ni moja.

"BAYA, MWANANGU."

Likatoka kwenye spika zote, likagonga ukuta wa nyuma likarudi kutuangalia. Muziki ulikuwa umezimwa. Halafu mtoto mmoja huko nyuma, kwa kunihurumia nadhani, akamalizia: "Hajalipwa, kachoka tu!" Ukumbi ukapasuka.

"Baya?" alisema babu.

"LINAKULA BANDO. LINA PAPA."

"Papa wa nini?"

"WA KWENYE ZIWA LETU!"

"Aah," alisema babu, kwa masikitiko, akamwangalia yule kijana kama mtu aliyefiwa. Halafu akampa jogoo. Akampa vizuri, kwa mikono miwili, na kijana wa watu kwa malezi aliyolelewa akajikuta amepokea kwa mikono miwili na goti limejipinda. Kisha babu akavua hedifoni. Akachomoa waya kwenye kitochi. Akaukunja taratibu, mkunjo juu ya mkunjo, kama siku ile Butiama. Akaziweka mezani katikati ya simu.

Nilimshika mkono. "MWANANGU, USIZIVUE. WAMESEMA HAKUNA SHARTI."

"Hakuna sharti, babu!" alisema kijana naye. Jogoo alikuwa anampigapiga mabawa kifuani, kwenye picha ya sato. "Kweli kabisa, kaa nazo, ni zako! Mimi mwenyewe nakupa!"

Babu hakumsikia. Alikuwa ananiambia mimi.

"Hizi zilikuwa zinasikia sana," alisema. "Zilinisikilizisha mpaka wewe. Nilikuwa nikikupigia nakusikia unakwepa. Mtoto wangu wewe hukuwahi kukwepa, toka ukiwa mdogo unatukana mpaka mchungaji." Alisema mtoto wangu, siyo mama. Mara moja hiyo tu. "Hatuwezi kuvaa kitu mimi masikioni wewe kikakubana mdomoni."

Mchungaji sikumtukana, nilisema mahubiri yake ni marefu. Lakini hapo nilimwachia mkono.

Kijana alijaribu tena, akaziinua mezani, akamsogezea babu. Babu akazirudisha. Zikaenda zikarudi, wawili hao wanabembelezana kama watu wanaogombea kulipia chai, mpaka jogoo akaamua mwenyewe, akaichafua fulana kuanzia sato mpaka kitovuni. Kijana akajiangalia. Halafu akacheka, kicheko cha kuchoka, akakaa kwenye kiti na jogoo mapajani.

"Dada," aliniambia. "Sato je?"

Nikasema kwenye maiki, ili wote wasikie. "SATO NI MZURI SANA. SIJAONA SATO MZURI KAMA HUYO KWENYE GEMU LOLOTE."

"Papa aliwekwa na bosi," alisema kwa sauti ndogo. Akamshika jogoo kichwa. "Na sasa mimi nikisema Butiama kuna watu wazuri, si nitakuwa nimehongwa?"

"Mbona kapu limesharudi," nikamwambia. "Sema kutoka moyoni."

Video niliitoa siku ileile, mlangoni, binamu amevaa ile fulana. Nililisema gemu lote, nikamsifu sato, nikamcheka papa. Nikasema pia kwamba walinitumia hedifoni, fulana, kikombe na stika, kwamba hedifoni zimerudi, kwamba kikombe mama anapimia dagaa, na kwamba fulana haitoki kwa aliyeivaa. Ilipofika kwenye maneno yangu ya mwisho nilisita. Nikasema, "Nimechoka tu." Hilo lilikuwa la kweli bila mjadala.

Kijana alinitumia picha siku chache baadaye. Jogoo yuko juu ya meza ya ofisi, amesimama kati ya kompyuta. "Anawika wakati wa kikao. Bosi anauliza nani kamwalika." Papa bado yupo kwenye gemu. Niliangalia juzi.

Lakini jioni ya kwanza baada ya Bunda, mama alimaliza dagaa wake mapema, akanawa mikono, akakaa karibu na simu. Simu ikaita, akairukia, alikuwa mteja. Akampangia bei kwa upole ambao nadhani yule mteja ataukumbuka maishani.

Sasa naenda Butiama kila Jumamosi. Na hapa natangaza, maana kwenye video nilitaja kila kitu kingine: boksi la hedifoni tulibaki nalo. Halikuwemo kwenye mazungumzo. Ni kadibodi ngumu, nzuri. Binamu alilikata akalikunja likawa kama funeli kubwa, amelifunga na stika zao, na jina la kampuni lipo mpaka leo limepinda. Upande mwembamba unaingia kwenye sikio la babu. Upande mpana ninatia uso mimi.

Mara ya kwanza nilimsomea habari za ndama wake mwenyewe, akafurahi. Halafu akaomba nimwimbie ile ya mavuno. Mimi siimbi. Watu wote wanajua siimbi. Wimbo wenyewe uko kwa lugha ya nyumbani na mimi nimekulia mjini, maneno mengine nayabahatisha. Lakini nilisikiliza rekodi ya bibi kwenye simu ya mama kipande kwa kipande. Namsikiliza yeye, halafu naingia ndani ya boksi naimba kile nilichosikia, natoka, namsikiliza, narudi. Bibi anaanza peke yake. Na mimi nikaanza peke yangu. Kule zizini ng'ombe mmoja aliacha kutafuna.

Babu alitulia, ameangalia mlango wa jikoni, kidole kinagonga goti kikitafuta mdundo ambao mimi sikuwa nao. Nilipomaliza nilitoa uso nje, jasho linanitoka, nikamwangalia.

Alifikiri vizuri kabla ya kujibu. Alinichukulia boksi, akaligeuza, akaniwekea upande mwembamba kwenye sikio langu, kana kwamba mimi ndiye nisiyesikia.

"Baya, mama," alisema ndani yake. "Rudia."